Mwalimu wa Kuogelea na Ndoto za Watu

Siku hizi Maskati kila mtu ana ndoto, na asiye nayo anauziwa. Ofisi yetu ilitupeleka hotelini kumsikiliza mhamasishaji. Tulikalishwa kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, akapanda jukwaani bwana mmoja, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata, akatwambia tufumbe macho tuione ndoto yetu. Mimi niliiona. Niliona nimefungua duka la mikate ya Kizanzibari, watu wamepanga foleni mpaka barabarani, na bosi wangu yuko nyuma kabisa. Nikatokwa na machozi. Mwenzangu wa kando naye akatokwa na machozi, ila yeye, nilikuja kujua, alikuwa anapiga miayo.

Jioni ile nikampelekea khabari hizo mwalimu wangu wa kuogelea. Alikuwa amesimama ukingoni mwa bwawa la wanawake, mtaa wa Khuwair ya Kusini, ameshika fimbo ndefu aliyokuwa akitugongea visigino.

"Na baada ya kufumba macho mkafanya nini?" akauliza.

"Tukafumbua."

"Halafu?"

"Tukala chakula cha mchana."

"Kulikuwa na samaki?"

"Samaki na kuku."

"Basi siku haikupotea bure. Na hilo duka lako la mikate, unga utanunua wapi?"

Sikujua. Sikuwa nimewahi hata kufikiria kwamba mkate unahitaji unga. Katika ndoto yangu mikate ilikuja imeshaiva. Mpaka leo duka sijafungua, lakini unga unakouzwa kwa gunia nakujua, na hilo ni zaidi ya alilonipa yule bwana wa kanzu.

Jina la Mwalimu sitalitaja. Ukoo wake siujui, na nilipojaribu kuuliza aliniambia wazazi wake walikuwa wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, kama ilivyo kawaida. Alikuja Maskati kutoka Nairobi kumfuata mume aliyefanya kazi ya mabomba ya maji. Mume akafariki, mabomba yakabaki, naye akabaki. Alikuwa mwembamba, kichwani kofia ya mpira ya buluu, miguuni kandambili, na sauti ya mtu anayeuza samaki wanaokaribia kuharibika. Filimbi ilining'inia shingoni mwake miaka yote niliyomjua, wala sikuwahi kumsikia akiipuliza. Hakuihitaji.

Sifa hakuwa nazo za kugawa. Ukiogelea vizuri alinyamaza. Ukiogelea vibaya alikuuliza kama unatafuta kitu umekidondosha chini. Kuna mama mmoja, mke wa mtu mkubwa, aliyezoea kusifiwa hata akipiga chafya. Siku alipofanikiwa kuvuka bwawa akaibuka anahema, akisubiri makofi. Mwalimu akamtazama, akasema, "Sasa rudi. Vitu vyako uliviacha upande ule."

Tulikuwa tukikasirika, tunasema haturudi tena, na kesho yake tupo.

Jumamosi hakufundisha. Maskati, sisi wenye kazi, siku zetu za kupumua ni Ijumaa na Jumamosi, na yeye ndiyo hiyo hiyo Jumamosi aliyoona inafaa kutoweka. Meneja alimbembeleza, akamtisha, akambembeleza tena. Jibu lake lilikuwa moja: "Mungu mwenyewe alipumzika, na yeye kazi yake ilikuwa kubwa kidogo kuliko yako." Sisi tukadhani ni uvivu wa Kinairobi. Aliyefichua siri, kama kawaida ya mambo ya nyumbani kwetu, ni mama yangu na pilau lake.

Mama alikuwa akinisindikiza bwawani. Kuogelea haogelei; anakaa kwenye kiti cha plastiki na chupa yake ya chai ya tangawizi, anatutazama tunavyozama. Siku hiyo alikuja na pilau la mbuzi, akampakulia Mwalimu. Mwalimu akashukuru, akakataa. Kwa mama yangu, Mzanzibari wa Maskati aliyekulia Unguja, mtu kukataa pilau ni kesi.

"Mie nimekukosea nini?" akauliza.

"Hujanikosea, Mama Zuhura." Zuhura ni mimi. "Mimi ni Myahudi. Nyama siwezi kula tu, lazima ichinjwe kwa taratibu zetu."

Kumbe ile Jumamosi yake ilikuwa Sabato. Akinyi, msichana wa Kisumu aliyekuwa akikaa mapokezi, akaacha kukunja mataulo.

"Myahudi wa wapi?" Mama akauliza.

"Wa Nairobi."

"Nairobi wapo Mayahudi?"

"Wapo wachache. Na hatuelewani."

Mama akawaza. "Na nguruwe, mnakula?"

"Hatuli."

"Alaa! Na kuchinja mnachinja, na nguruwe hamli. Sasa hizi kelele zote za nini?"

Kesho yake akamletea tende na maembe, vitu ambavyo, alisema, havina dini. Si wote waliokuwa kama Mama. Wapo wanafunzi waliotuhama, wakaenda kujifunza kuzama kwa mwalimu mwingine. Na siku moja televisheni ya mapokezi ilipokuwa ikionyesha vita, mwanamke mmoja akamgeukia Mwalimu kana kwamba amri ilitoka kwake, akamuuliza analalaje usingizi. Tulingoja jibu la kumkata mtu maini. Mwalimu akasema tu, taratibu, "Na mimi silali, mama." Akazima televisheni, akatuambia tuingie majini. Siku hiyo hakumkejeli mtu, na sote tukaogelea vibaya.

Kuhusu ndoto alikuwa na vita vyake mwenyewe. Mchungaji wa Akinyi alikuwa akiwahubiria waumini wake wawe na ndoto kama za Nabii Yusuf, na Akinyi akaleta mahubiri hayo kazini kama mtu aletaye mafua.

"Yusuf aliota, akawasimulia ndugu zake," Mwalimu akamwambia. "Wakamfanya nini?"

"Wakamtupa kwenye shimo."

"Umeona matangazo yake ya kwanza yalikomfikisha?"

"Lakini si mwisho akawa mkubwa kule Misri, Mwalimu! Aliifasiri ndoto ya mfalme."

"Kufasiri ilichukua dakika ngapi? Halafu je? Nani alijenga maghala? Nani alizunguka nchi nzima akikusanya ngano mwaka baada ya mwaka, watu wakimcheka? Ndoto haikumlisha hata kuku. Maghala ndiyo yaliyolisha. Lakini hakuna mchungaji atakayekuhubiria maghala, kwa sababu maghala yana vumbi."

Na Nabii Yakubu pia hakusalimika. Yeye aliota ngazi imefika mbinguni, malaika wanapanda na kushuka. "Wazee wetu waliuliza swali," alisema. "Mbona wanapanda kwanza ndipo washuke? Malaika si wanatoka juu? Basi maana yake walikuwa huku chini tangu mwanzo. Na Yakubu alipoamka, alipanda ngazi? Hakupanda. Alikwenda kwa miguu, akachunga mbuzi wa mjomba wake, na huyo mjomba akamlaghai. Hiyo ndiyo maana ya ndoto."

Ungesikia hayo ungesema huyu ndoto haziheshimu kabisa. Mtu yule yule, ukifika asubuhi uso umekuvimba, ukasema umeota vibaya, alikuwa akiweka fimbo yake chini. Ndoto mbaya hakuiacha ipite. Alisema kwao wanaamini ndoto hufuata kinywa: ikifasiriwa vibaya inakwenda vibaya, ikifasiriwa vyema inakwenda vyema, kwa hiyo usiipeleke kwa mtu mwenye mdomo mchafu. Nilimwambia kwamba mdomo mchafu kuliko wake Maskati nzima sijauona. Akasema huo ni wa kuogelea.

Na hivyo ndivyo mama yangu alivyoingia mkononi mwake.

Mama alikuwa na ndoto iliyokuwa ikimrudia tangu ujana. Mimi nilijua tu kwamba kuna asubuhi huamka kimya, anakaa kitandani ameshika magoti yake, na chai haitaki. Sababu hakuisema. Sisi ndoto mbaya hatuisimulii. Unajikinga kwa Mungu, unageuza ubavu, unanyamaza. Mama alinyamaza miaka yote hiyo. Asubuhi moja ya namna ile akakataa kubaki nyumbani peke yake, akaja nami bwawani, akakaa kwenye kiti chake. Mwalimu akamtazama mara moja tu.

"Umeota nini?"

"Ndoto mbaya kwetu haisimuliwi."

"Kwetu pia haisimuliwi ovyo. Inasimuliwa kwa watatu wanaokupenda."

"Na hapa nani anonipenda?" Mama akasema, kwa ile sauti yake ya kutafuta ugomvi.

Mimi nikasema nipo. Akinyi, kutoka kwenye mataulo yake, akanyanyua mkono kama yuko darasani. Mwalimu akavuta kiti, akasema, "Wa tatu ni mimi, ukikosa mwingine."

Mama akasimulia, macho yake yako kwenye maji. Alikuwa na mdogo wake wa kike, Unguja. Walishuka pwani na wenzao, wasichana, mkondo ukamchukua yule mdogo. Alikuwa akimwita dada yake. Mama hakuwa anajua kuogelea. Alisimama pale, maji magotini, anapiga kelele, mpaka sauti ya mwenzake ikakatika. Na katika ndoto ni vile vile: yule mtoto anamwita, naye miguu imeganda.

"Nnamwona kama nnavyokuoneni nyie," alisema. "Ananiita nimfuate. Najua maana yake. Mimi nnaitwa."

Nilikuwa sijui kwamba mama yangu aliwahi kuwa na mdogo wake. Umri wangu wote, sikujua.

Mwalimu hakumpa pole. Akatufundisha la kusema. Mama atamke kwamba ameota ndoto njema, na sisi watatu tumjibu kwamba ni njema, na Mungu aijaalie iwe njema, turudie tena na tena.

"Njema?" Mama akang'aka. "Wewe mwanamke, umesikia nlilosimulia?"

"Nimesikia. Sema."

Mama akasema kama mtu anayemeza shubiri. Sisi tukamjibu. Akasema tena. Akinyi alikuwa analia waziwazi, anafuta kamasi kwa taulo la wateja. Kisha Mwalimu akampa fasiri yake.

"Hakuiti umfuate," alisema. "Mtoto yule keshafika alikofika, yuko kwa Mungu, hana shida ya mtu. Anakuita kukuuliza: dada, mbona bado umesimama hapo? Wewe ndiye uliye ndani ya maji mpaka magotini maisha yako yote. Hurudi ufukweni, wala huendi mbele."

Mama akayaondoa macho kwenye maji. Halafu akauliza, "Sasa nifanye nini?"

"Utavua viatu. Maneno tumemaliza. Sasa ni maghala."

Msidhani basi Mama akaingia majini, muziki ukalia. Aliingia na vazi lake la kuogelea lililomsitiri mpaka vidoleni, amening'inia shingoni mwangu, akamtukana Mwalimu kwa Kiswahili cha Unguja na kwa Kiarabu, akisema maji yananuka dawa ya choo. Wiki kadhaa alijifunza kupuliza mapovu. Mwanamke aliyelea watoto sita, akazika mume, akahamia nchi nyingine, anapuliza mapovu.

"Mdogo wako angefurahi," Mwalimu akamwambia. "Angecheka mpaka angezama tena."

Nilitaka kumpiga. Mama aliangua kicheko, sijamsikia akicheka vile kabla wala baadaye.

Kisha siku moja akateleza mkononi mwangu, akanywa maji, akapaparika, macho yakamtoka. Akinyi akaruka na nguo zake zote za kazi, tukamtoa pamoja. Mama akajifunga taulo, akasema basi, Mungu hakumuumba samaki. Hakurudi. Mwalimu hakupiga simu, nami nikamwona hana moyo. Mwishowe akaja nyumbani, akakaa sebuleni, akanywa chai isiyo na maziwa.

"Jana usiku nimemuota mdogo wako," akasema.

Mama akashtuka. "Kasemaje?"

"Analalamika. Anasema mapovu ulikuwa umeanza kuyaweza."

"Muongo wewe."

"Ndiyo," Mwalimu akasema, akamalizia chai yake. "Saa kumi jioni, usichelewe."

Mama hakuchelewa.

Ulipoisha msimu wa joto tukaenda pwani ya Qurayyat, sote wanne katika gari yangu, Akinyi kaombewa ruhusa na Mwalimu kwa maneno ambayo meneja hatayasahau. Tukaenda mbali na mashua za wavuvi, mahali penye mchanga. Bahari ilikuwa imetulia, lakini bahari ikitulia kwa mtu kama Mama ndipo inapotisha. Siku ile ya Unguja pia ilikuwa imetulia.

Mwalimu akakaa ufukweni amevaa viatu na soksi. Ndipo tulipogundua kwamba baharini yeye haingii.

"Kuna chumvi," alisema. "Na haina ukingo. Mimi ni mtu wa bwawa."

"Na mimi je?" Mama akauliza.

"Wewe una miadi."

Mama akaingia. Mimi kulia kwake, Akinyi kushoto, tumemshika mikono. Maji yalipofika magotini akasimama. Alisimama muda mrefu, mpaka nikaanza kufikiri tumrudishe, tumeshamtesa ya kutosha. Nyuma yetu ikaja ile sauti ya mchuuzi wa samaki:

"Mama Zuhura! Unangoja basi?"

Mama akatuachia mikono. Akajitupa mbele, vibaya, kama gunia, akapiga miguu. Tukamfuata huku na huku. Hakwenda mbali, mtoto anayejua kuogelea angemcheka. Lakini alikwenda pale ambapo miguu haigusi, akageuka chali kama alivyofundishwa, akatazama juu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sikumsikia alilosema, wala halikuwa langu.

Alipotoka nje alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, anachuruzika, akamkumbatia mpaka akamlowesha viatu na soksi.

"Miguu ilikuwa imekunjika," Mwalimu akamwambia. Lakini kofia yake aliishusha mpaka kwenye nyusi, na tulipokuwa njiani kurudi alitazama dirishani muda wote.

Ndoto haikukoma. Wenye hadithi nzuri wangesema ilikoma. Mama aliendelea kuiota, ila alinambia ndani yake sasa anaogelea, na kwamba yule mdogo wake ni mkaidi, hasubiri, humpita kila mara. Aliyasema hayo huku akinywa chai.

Baada ya hapo Mwalimu aliumia nyonga. Hakuumia majini, alijikwaa kwenye zulia la meneja, alipokwenda kumgombeza. Akaacha kufundisha, akahamia mtaa wa Mawaleh, kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi. Tukawa tunapigiana simu, kisha tukawa tunasema tutapigiana simu. Sote tunajua mambo hayo yanavyokwenda.

Mama akafariki, kitandani kwake, asubuhi, bila kumsumbua mtu. Siku ya pili ya msiba nyumba ilikuwa imejaa wanawake, kahawa ya buni imechemka, ubani umechomwa, na kila aingiaye ana neno la kunipa. Subiri. Mungu kampenda zaidi. Kapumzika. Mmoja akanisimulia msiba wake mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, nikabaki kumpa pole yeye. Ndipo nikamwona Mwalimu mlangoni, amejitanda mtandio mweusi, anaegemea gongo, Akinyi kamshika mkono. Akaingia, akajishusha chini kwenye mkeka kando yangu, kwa shida kubwa, nyonga ile ikimuuma.

Nilimngoja aseme. Hakusema pole wala hakunitaja jina. Wanawake waliingia na kutoka, na yeye yupo tu, macho chini. Nikaanza kuona uchungu. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila kosa la mguu wangu, leo mama yangu kafa hana hata moja? Mwishowe nikashindwa.

"Mwalimu, huna la kusema?"

"Kwetu mwenye kuja kuliwaza hafungui mdomo," akasema. "Humngoja mwenye msiba aanze. Nilikuwa nakungoja."

Ilikuwa mara ya kwanza siku zile mbili mtu kuningoja. Nikamwambia, "Nimemuota jana."

"Alikuwa anafanya nini?"

Niliona haya, kwa sababu haikuwa ndoto ya kusimuliwa. Hakuwa amevaa nyeupe, hakunipa wasia. "Yuko jikoni, kasimama kwenye karo, anagomba. Anasema vikombe vimejaa, na wageni bado wanakuja."

Nilingoja fasiri. Nilijua hataniachia hivi hivi. Atasema ni njema, atasema Mungu aijaalie. Mwalimu akageuka, akatazama jikoni kupitia mlango uliokuwa wazi. Karo ilikuwa imefurika vikombe mpaka juu ya meza.

"Hajakosea," akasema, akanipa mkono wake. "Niinue."

Nikamwinua. Akaenda mpaka kwenye karo akichechemea, akalitundika gongo lake kwenye kitasa cha kabati, akakunja mikono ya gauni, akafungua bomba. Mimi nikachukua kitambaa cha kukaushia, nikasimama kando yake.